Chonge Iliyofukiwa: Kwanza Ijaribiwe, Ndipo Ufungwe Waya

Watu wazima wengi huambiwa kuwa wana jino lililofukiwa siku waliyokwenda kwa daktari kwa shida nyingine kabisa. Mtu amekwenda kuziba gego, au amepigwa picha ya taya zima kwa sababu anataka kupanga meno ya mbele, na daktari anarudi na picha mkononi: "Hiki kijino hapa ni cha utoto. Chonge yako ya ukubwani iko huku juu, imelala." Mgonjwa ana miaka 34, ana watoto wawili, na jino hilo halijawahi kumuuma hata siku moja. Anauliza kwanza kama linaweza kuvutwa, kisha anauliza bei. Yote mawili ni maswali mazuri, ila yamewahi mno. Linalotangulia ni kama jino hilo bado linasogea au limeshaganda kwenye mfupa. Hapo ndipo matibabu ya mtu mzima yanapoachana na ya mtoto wa miaka 13, na ndilo jambo ambalo mara nyingi hujulikana pesa zikiwa zimeshalipwa.

Tuanze na jino lenyewe. Gego la mwisho ndilo linaloongoza kwa kukwama, na chonge ya juu ndiyo inayofuata. Hukwama kwa watu wapatao 2 katika kila 100, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Chonge ya juu huanza kujengeka mtoto akiwa na miezi michache tu, juu kabisa karibu na pua, na ndiyo yenye safari ndefu kuliko meno mengine yote ya mbele. Huchomoza kwenye miaka 11 au 12. Njiani hujiongoza kwa kuambaa mzizi wa jino la pembeni, yaani la pili kutoka katikati. Jino hilo likikosekana, au likiwa dogo lenye mzizi mfupi, chonge hupoteza njia, na mara nyingi huishia upande wa kaakaa. Urithi nao una sehemu yake: ukiwa na chonge iliyofukiwa, wachunguze na ndugu zako na watoto wako.

Huku kwetu kuna sababu nyingine ambayo vitabu vya Ulaya haviipi nafasi kubwa. Katika sehemu za Tanzania, Kenya na Uganda, watoto wachanga wenye homa na kuhara wamekuwa wakipelekwa kwa waganga kuondolewa kile kinachoitwa meno ya plastiki, wengine wakiyaita meno ya nailoni. Kinachoonekana kama uvimbe mweupe kwenye ufizi ni chonge ya utoto ambayo haijatoka. Mganga huichokoa kwa kisu, msumari au kitu chochote chenye ncha, na mbegu ya chonge ya ukubwani imekaa jirani sana na hapo. Mtoto akinusurika na kutokwa damu na maambukizi, huenda akakua bila chonge, au na chonge iliyoharibika umbo, au iliyosukumwa ikakosa njia. Kwa hiyo kama unajua, au mama yako anakumbuka, kwamba ulifanyiwa hivyo ukiwa mchanga, mwambie daktari. Usione haya. Habari hiyo humsaidia kuelewa picha ambayo vinginevyo ingemtatiza, na humwonya mapema kwamba jino lililoko huko ndani huenda halina umbo la kufaa kushushwa.

Dalili unaweza kuzitafuta mwenyewe mbele ya kioo. Inua mdomo wa juu, hesabu kutoka katikati: jino la kwanza ni pana, la pili jembamba, la tatu ndiyo chonge. Chonge ya mtu mzima ni ndefu, imechongoka, na rangi yake imeelekea njano kidogo kuliko ya majirani zake. Ukiona upande mmoja ni hivyo, na upande wa pili kuna jino fupi, jeupe zaidi, lililolika ncha, hilo huenda ni la utoto. Tazama pia jino la pili limeelekea wapi. Likiwa limeinama au limejizungusha bila sababu, pengine kuna kitu kinausukuma mzizi wake. Kisha pitisha kidole juu ya ufizi na kwenye kaakaa, uone kama upande mmoja una kivimbe kigumu ambacho mwingine hauna. (Mwenye mtoto wa miaka 9 au 10 amfanyie hivyo hivyo, akitafuta kivimbe cha chonge juu ya ufizi kwa nje. Kwa umri huo, kung'oa tu chonge ya utoto kwa wakati mara nyingi huirudisha ya ukubwani njiani bila upasuaji wowote. Ni nafasi ambayo mtu mzima hana tena.)

Hilo la mabano lina mtego wake. Kwa mtoto, kung'oa jino la utoto ni tiba. Kwa mtu wa miaka 30 na kitu, kuling'oa kabla hujajua hatima ya lile lililofukiwa ni kujitafutia pengo. Jino la utoto ambalo mzizi wake haujaliwa linaweza kukaa mpaka miaka ya 40 na kuendelea, likitafuna kama kawaida. Daktari akikuambia siku ya kwanza kwamba litoke, muulize: likitoka, na lile la juu likakataa kushuka, nitabaki na nini? Kama hana jibu lililopangwa, acha jino lako lilipo.

Picha ndiyo inayofuata. Picha ya taya zima inatosha kuonyesha kwamba jino lipo, lakini huonyesha kila kitu kikiwa bapa, na humo huwezi kujua kwa uhakika kama chonge iko mbele ya mizizi ya meno mengine au nyuma yake. Madaktari hupiga picha mbili ndogo kwa pembe tofauti na kuangalia jino linahamia upande gani, au hutumia mashine ya picha za pande tatu inayozunguka kichwa. Mionzi yake ni mingi kuliko ya picha ya kawaida ya meno, na kwa kawaida ni michache kuliko ya mashine kubwa za hospitali. Kwa mtu mzima mwenye chonge iliyofukiwa, mimi naona gharama ya picha hiyo ndiyo ya mwisho kuikwepa. Inaonyesha jino limelala kwa pembe gani, kichwa chake kiko wapi, na, la muhimu kuliko yote, kama limekula mizizi ya meno ya mbele. Kuliwa huko hakuumi. Mzizi wa jino zuri la mbele unaweza kuwa umebaki nusu na mwenyewe asijue, na hapo mpango wote hubadilika, kwa sababu jino la kuokolewa kwanza linakuwa hilo la mbele. Mjamzito aseme kabla ya kupigwa picha.

Ila kuna kitu ambacho hata picha hiyo haikuonyeshi vizuri, nacho ni kule kuganda. Jino lenye afya halijashikana na mfupa moja kwa moja. Kati yake kuna utando mwembamba, na utando huo ndio unaoliwezesha kusogea linapovutwa. Jino likikaa miaka mingi bila kutoka, utando huweza kufa mahali fulani, mfupa ukaungana na mzizi. Eneo lenyewe linaweza kuwa dogo kiasi cha kutoonekana kwenye picha yoyote. Jino lililochomoza daktari angeligonga asikilize mlio wake. Lililofukiwa huwezi kuligonga. Njia ya uhakika ni kulivuta uone.

Ndiyo maana umri una uzito. Mwaka 2003 Adrian Becker na Stella Chaushu, mabingwa wa kupanga meno wa Jerusalem, walichapisha ulinganisho wa watu wazima 23 waliovutwa chonge za juu zilizofukiwa na vijana 23 wenye hali zinazofanana. Kwa vijana, chonge zote zilishuka. Kwa watu wazima zilishuka kwa 16 kati ya 23, na zote zilizogoma zilikuwa za watu waliovuka miaka 30. Katika kundi hilo la juu ya 30 waliofanikiwa walikuwa takriban 4 katika kila 10. Utafiti wenyewe ni mdogo, na idadi hiyo haikuambii jino lako wewe litafanya nini. Lakini inatosha kumfanya mtu wa miaka 38 asikubali mpango unaochukulia kwamba jino litashuka tu.

Kwa kijana, utaratibu wa kawaida ni kufunga waya meno yote, kufungua nafasi, kisha kumpeleka kwa upasuaji. Mtu mzima akifuata utaratibu huo huo anaweza kukaa mwaka mzima na waya, amefunguliwa pengo, ndipo agundue jino limeganda. Na si kwamba litakaa tu kimya. Kuvuta jino lililoganda ni sawa na kufunga kamba kwenye kisiki ukaivuta ukiwa juu ya mtumbwi: kitakachosogea ni mtumbwi. Meno mazuri yaliyofungwa waya ndiyo yanayovutwa kuelekea juu, na utaona meno ya upande huo hayagusani tena na ya chini unapouma. Ukiona dalili hiyo katikati ya matibabu, usisubiri tarehe ya miadi.

Kwa hiyo omba mpango wa kujaribu kwanza. Siku hizi bingwa wa kupanga meno anaweza kuingiza skrubu ndogo ya titani kwenye mfupa na kuitumia kama nguzo, akalivuta jino kutoka hapo kwa miezi kadhaa kabla hajagusa meno mengine. Likisogea, ndipo waya zote zifungwe. Lisiposogea, umepoteza upasuaji mmoja mdogo, na meno yako mengine yako vilevile. Si kila kliniki ina uzoefu wa skrubu hizi, na wengine watakuambia kwamba haina haja. Pengine wana sababu, kwa mfano kama una miaka 22 na jino limesimama karibu wima. Waombe waieleze.

Upasuaji wenyewe hutisha zaidi kwa kuufikiria. Wengi hufanyiwa kwa ganzi tu. Sindano ya kaakaa ndiyo inayouma; ukishaivuka hiyo, kilichobaki ni kuhisi kusukumwa na kusikia kelele za mashine na maji. Daktari wa upasuaji wa kinywa hukata ufizi, huukunja, na kuondoa mfupa mwembamba uliofunika kichwa cha jino. Daktari makini huondoa wa kutosha kubandika kitufe cha kuvutia jino tu, bila kuchimba mpaka shingoni mwa jino, kwa sababu kuchokonoa huko huweza kulifanya jino lije kuliwa baadaye. Kisha hukausha. Hapa ndipo muda mwingi unapokwenda, maana gundi haishiki penye damu wala mate. Pamba hubadilishwa tena na tena mpaka uso wa jino ung'ae mkavu. Kitufe kidogo kinabandikwa, kikiwa na mnyororo mwembamba ambao mara nyingi umepakwa dhahabu, ufizi unarudishwa na kushonwa, na mnyororo unachungulia nje ukiwa umefungwa kwenye jino la jirani. Njia nyingine ni kuacha tundu wazi na kulifunika kwa dawa, ili jino lionekane. Zote mbili zinakubalika. Mahali jino lilipo ndipo panapoamua. Utavimba siku chache, utakula uji na supu, na baada ya wiki moja au mbili mvuto huanza. Nguvu yenyewe ni ndogo ajabu: gramu 60 au pungufu. Anayekuambia kwamba kwa kuwa wewe ni mtu mzima atavuta kwa nguvu zaidi ili limalizike haraka, ondoka.

Kazi hii si ya haraka. Kwa mtu mzima hesabu miaka miwili au zaidi kwa kazi nzima, na ratibu fedha zako hivyo. Uliza gharama zikiwa zimetenganishwa: picha, upasuaji, skrubu, waya, ziara za kila baada ya wiki nne hadi nane, na vishikizi vya mwisho vya kuyazuia meno yasirudi. Uliza pia utalipa nini kitufe kikibanduka chini ya ufizi na ikalazimu kufunguliwa tena, kwani hutokea. Anayeishi Kigoma au Mtwara na bingwa wake yuko Dar es Salaam aweke na nauli kwenye hesabu, pamoja na siku za kuomba ruhusa kazini.

Kabla ya yote hayo, fizi. Mtu mzima tofauti na mtoto huenda tayari ana ugonjwa wa fizi, zinatoka damu akipiga mswaki na mfupa umeanza kushuka. Ukivuta meno ndani ya ugonjwa huo, mfupa unaisha kwa kasi. Fizi zitibiwe na zitulie kwanza, hata kama itachukua miezi. Sigara nayo iachwe. Mwenye kisukari aje na vipimo vilivyotulia. Na kama umewahi kutumia dawa za kuimarisha mifupa, kama alendroneti au zoledroniki asidi, ambazo hupewa wenye mifupa miepesi na baadhi ya wagonjwa wa saratani, sema mapema kabisa: hupunguza kasi ya jino kusogea, na kidonda cha mfupa wa taya kwa mtu aliyezitumia huweza kukataa kupona.

Waliokulia maeneo yenye floraidi nyingi kwenye maji, kama Maji ya Chai na Ngurdoto kule Arusha, sehemu za Kilimanjaro, au Nakuru na Naivasha upande wa Kenya, wana suala lao. Meno yenye madoa ya kahawia hayashiki gundi vizuri, na vibati vinavyobandikwa kwenye meno kushika waya hubanduka mara kwa mara. Haizuii matibabu. Muulize bingwa kama amezoea meno ya namna hiyo na huyaandaa vipi, maana kila kibati kinachobanduka ni wiki kadhaa zinazopotea.

Na jino likikataa? Mara nyingi la kwanza kufikiria ni kuliacha. Chonge iliyofukiwa ambayo haijagusa mizizi ya wenzake, haina kivimbe cha maji na haiumi, inaweza kukaa huko maisha yote, mradi ipigwe picha kila baada ya muda atakaoupanga daktari. Vivimbe hutokea kwa wachache, lakini hukua kimyakimya, ndiyo maana picha zisiachwe. Jino la utoto likiwa imara, linaweza kuongezwa umbo kwa dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino, na asiyejua asitambue. Likitoka, gego dogo la jirani linaweza kusogezwa mahali pa chonge na kuchongwa kidogo, au daraja, au jino la kupandikiza kwenye mfupa. Hilo la kupandikiza linasifiwa mno. Kwa kawaida chonge iliyolala hapo lazima itolewe kwanza, nayo huacha shimo kubwa mahali pale pale skrubu ya jino la kupandikiza inapotakiwa kushika, kwa hiyo uwe tayari kusikia habari za kuongeza mfupa na bei yake. Kuna pia kuling'oa jino lako na kulipanda upya mahali pake, lakini kwa mtu mzima mzizi umeshakomaa, hivyo litahitaji kutibiwa kiini, na uhai wake si wa kuuwekea dau.

Magego ya mwisho hayamo katika hesabu hii. Hayo kwa kawaida hayavutwi kwa waya. Huachwa au hung'olewa, na kung'oa gego lililokwama lisilo na tatizo lolote ni desturi iliyopitwa na wakati. Uingereza ilitoa mwongozo wa kuiacha tangu mwaka 2000. Isipokuwa kama umepoteza gego la mbele yake kwa kuoza, kama ilivyo kwa wengi wetu: hapo uliza kama la mwisho linaweza kusimamishwa lichukue nafasi, kabla hujaling'oa nalo.

Ukishafungwa waya, ulaji unabadilika kuliko wengi wanavyotarajia. Mahindi ya kuchoma yapukuchuliwe, yasing'atwe kwenye gunzi. Miwa basi. Embe na nyama choma vikatwe vipande vidogo. Bisi ni mbaya kuliko zinavyoonekana, kwa sababu ganda jembamba la punje huingia chini ya ufizi kando ya mnyororo na kukaa humo mpaka patunge usaha. Mswaki wa mti ni mzuri kwa uso wa meno lakini haufiki chini ya waya. Nunua brashi ndogo za kupitisha kati ya meno na uzitumie kila usiku. Maumivu ya siku mbili tatu baada ya kukazwa hutulizwa kwa parasetamoli.

Jambo moja husahauliwa na wanaohama. Mtu anaanza matibabu Mombasa, anapata kazi Muscat au anamfuata mwenzi wake Toronto, na daktari mpya anakuta mnyororo unaoingia kwenye ufizi bila maelezo yoyote. Kabla hujaondoka, omba nakala za picha zote, zile za pande tatu zikiwa kwenye faili lake zima na si karatasi iliyochapwa, pamoja na barua inayosema kitufe kimebandikwa upande gani wa jino, tarehe ya upasuaji, jino lilivutwa kuelekea wapi na limesogea kiasi gani. Ni haki yako kuzipata. Na kama safari iko ndani ya mwaka ujao na unaijua, usianze huku. Fanya picha, tibu fizi, ukafungiwe waya huko utakakokaa.

Chonge ikishafika mahali pake, hupenda kurudi nyuma, hasa iliyotoka kwenye kaakaa. Waya mwembamba hubandikwa nyuma ya meno ya mbele na kukaa miaka, na wengi hupewa pia kishikizi cha kuvaa usiku. Ukiuhisi waya huo umelegea upande mmoja, nenda ndani ya wiki hiyo hiyo.